Chungu Kisioshwe

Divai ni kinywaji kinachojitangaza. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, mitungi ya divai iliyokuwamo ilikuwa na maandishi ya wino: mwaka wa utawala ambao zabibu zilivunwa, shamba zilikotoka na jina la mkuu wa watengenezaji. Mmoja wa mafundi hao aliitwa Khaa. Aliishi yapata miaka 3,300 iliyopita na bado kazi yake inasomeka kwa jina lake. Pasipo na maandishi, zabibu yenyewe hutoa ushahidi. Ina asidi ya tatariki nyingi kuliko matunda mengi, na asidi hiyo hupenya kwenye vinyweleo vya chungu ikang'ang'ania humo. Ndivyo ilivyojulikana mwaka 2017 kwamba vigae vya Gadachrili Gora na Shulaveri Gora, nchini Georgia, viliwahi kubeba divai yapata mwaka 6000 KK. Katika pango la Areni-1 nchini Armenia kilikutwa kikamulio kizima mahali pake: sakafu ya udongo iliyoinama ili maji ya zabibu yateremkie mtungini, na kando yake mbegu na makapi ya miaka 6,000 hivi. (Mwanaakiolojia wa pwani yetu, hata hivyo, asifanye haraka kushangilia akiipata asidi hiyo kwenye kigae. Ukwaju nao umejaa tatariki.)

Pombe ya nafaka haina bahati hiyo. Haiachi mbegu ngumu wala sahihi ya kemia iliyo dhahiri. Huacha ukoga mwembamba ndani ya chungu, na ukoga huo ndio kitu cha kwanza ambacho mtu msafi hukisugua.

Sironga, hapa Nyamira, katika nchi ya Abagusii nchini Kenya, haijawahi kuwa nchi ya mizabibu. Ni nchi ya chai na ndizi, ya mvua za alasiri, na ya lile bonde chepechepe ambako watu huchimba udongo wa matofali. Kinywaji chake cha heshima kilikuwa amarwa, pombe ya wimbi, na fundi wake alikuwa omong'ina, mama mzee wa boma, ambaye hakuna mtungi ulioandikwa jina lake. Wageni hununua vinyago vya mawe vya Tabaka na kuvipeleka ng'ambo. Kazi ya omong'ina haikupelekwa popote, kwa kuwa ilikwisha siku ile ile ilipoiva. Bado nadhani ndiye fundi mkubwa kuliko wote tuliokuwa nao, na nitaeleza kwa nini, taratibu, kwa maana kazi yenyewe haielezeki kwa pupa.

Inaanza na kuchagua wimbi. Punje zake hazifiki milimita mbili, kwa hiyo kuchagua maana yake ni kupepeta, kuosha, kumimina juu juu ili mchanga ubaki chini na makapi yaende na maji, kisha kurudia. Wimbi iliyokaa ghalani miaka mingi hufaa uji lakini haifai kazi hii, kwa sababu punje iliyokufa haioti, na kila kitu kinategemea kuota. Iliyochaguliwa hulowekwa usiku kucha, maji hutolewa, kisha hufunikwa kwa majani ya ndizi au gunia mahali penye giza na joto kidogo. Hapo nafaka huamka. Ndani ya punje vimeng'enya vinaanza kuukata wanga kuwa sukari ili mche uwe na chakula. Fundi anataka vimeng'enya hivyo, hautaki mche. Lazima aiache nafaka iende mbali kiasi cha kuvizalisha, halafu aizuie kabla haijaila sukari yote.

Hana kipimajoto. Ana kiganja. Lundo la nafaka inayoota hupata joto lake lenyewe, na likiachwa bila kugeuzwa huvunda katikati huku pembeni likiwa bado limelala. Kwa hiyo analigeuza, analinyunyizia maji, anatazama mizizi. Mizizi ikishikana na kuwa kama mkeka mwepesi, na jani halijatoka, anaianika. Hapa ndipo mvua ya Nyamira humsumbua. Kimea kisichokauka vizuri hupata ukungu, na ukungu hautoki tena. Anakianua wingu likionekana, anakianika likipita, siku nzima, hadi punje itoe mlio mkavu inapotafunwa. Ndipo inapokwenda kwenye jiwe la kusagia.

Wimbi inastahili sifa zake pia. Watafiti kadhaa wa kimea cha nafaka za Kiafrika wameona kwamba kimea chake huuvunja wanga vizuri kuliko cha mtama. Tena mche wa mtama hutengeneza sumu ya sianidi, hivyo anayeutumia lazima awe mwangalifu zaidi katika kuukausha na kuusaga. Mabibi wa Gusii hawakusoma majarida. Waliipendelea wimbi kwa sababu iliwapa kinywaji kizuri kila mara.

Kimea hicho ni fungu la kwanza. Fungu la pili ni unga usioota, zamani wa wimbi au mtama, siku hizi aghalabu wa mahindi. Hukandwa na maji uwe donge zito, huachwa siku mbili au tatu uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati pana kwa moto, ukigeuzwa bila kukoma, hadi uwe chenga za hudhurungi zinazonukia kama mkate uliokolea. Moshi unaingia machoni, mkono unachoka, na hakuna kupumzika: chenga zilizoungua huleta uchungu ambao kimea hakiwezi kuuficha. Moto huo unafanya kazi mbili. Unazifungua chembe za wanga ili zisagike kwa urahisi, na unaua sehemu kubwa ya vijidudu vya uchachu vilivyokwisha kufanya kazi yao.

Kisha chenga zinapoa. Wengi wasioijua kazi hii hufikiri kupoa ni kungoja tu. Kumbe ndipo penye uamuzi mgumu. Chenga zikitiwa majini zikiwa moto sana, kimea kinachofuata hufa: vimeng'enya haviwezi kuvumilia joto la karibu na kuchemka, na chachu hufa mapema zaidi. Zikiwa baridi mno, siku za ubaridi wa juu huku, chachu huchelewa kujikusanya, na vijidudu vingine hupata nafasi ya kukiharibu kinywaji. Anaingiza mkono, anautoa, anangoja. Kimea hutiwa mkono ukiridhika.

Maji, chenga na kimea vikikutana katika chungu, kazi inahama kutoka mikononi hadi masikioni. Chungu huanza kusema. Kwanza ni mlio mdogo wa mapovu ya mbali, kisha hushika kasi, makapi yanapanda juu na kuwa kifuniko kinene, halafu mlio unapungua. Fundi anajua mlio upi ni wa kinywaji kitamu cha kuwapa hata watoto, upi ni wa pombe iliyoiva, na upi unamaanisha kwamba wageni wawahi. Mwaka 1980 mtafiti M. J. R. Nout alichapisha uchunguzi wa vijidudu vya busaa ya Kenya, ndugu ya amarwa, na akavipata kwa zamu zao: bakteria wa asidi ya maziwa kwenye donge la kwanza, kisha hamira ileile waijuayo waokaji mikate, Saccharomyces cerevisiae, ikishika kazi katika uchachushaji wa pili. Hakuna aliyeitia kutoka pakiti. Inakuja na kimea, na inakaa kwenye vinyweleo vya chungu cha pombe, ambacho kwa sababu hiyo hakipikiwi kitu kingine.

Sasa nieleze ninachokistaajabia hasa. Kuchachusha ni jambo dogo. Hata uji uliosahauliwa mezani huchacha. Jambo kubwa ni kuigawa nafaka moja katika mafungu mawili, moja lioteshwe, jingine lipikwe, kisha kuyakutanisha kwa wakati wake. Kimea peke yake kina vimeng'enya, lakini sehemu kubwa ya wanga wake bado imejifunga. Unga uliopikwa una wanga ulio wazi, lakini hauna cha kuukata. Mtu aliyewaza kutenganisha hivyo alielewa kwamba joto moja hutoa faida na hasara kwa pamoja, na akapata njia ya kuchukua faida bila hasara. Alikuwa nani, na wapi, hakuna awezaye kumtaja.

Lakini tunajua kwamba wazo hilo ni la kale. Kwa muda mrefu wataalamu wa Misri ya kale walifundisha kwamba bia ya huko ilitokana na mikate iliyookwa nusu, ikavunjwavunjwa majini na kuachwa ichache. Walitegemea picha za makaburini. Mwaka 1996, katika jarida la Science, Delwen Samuel wa Cambridge alieleza alichokiona alipoacha picha na kuweka chini ya hadubini mabaki yenyewe yaliyokauka ndani ya vyungu vya wafanyakazi wa Amarna na Deir el-Medina. Chembe nyingine za wanga zilikuwa na mashimo na mifereji, alama ya kuliwa na vimeng'enya wakati nafaka ilipoota. Nyingine zilikuwa zimevimba na kuyeyukana, alama ya kupikwa zikiwa na maji. Mafungu mawili. Akahitimisha kwamba Wamisri wa miaka zaidi ya 3,000 iliyopita waliotesha sehemu ya nafaka, wakapika sehemu nyingine, kisha wakachanganya.

Naamini omong'ina yeyote wa Sironga angemwambia hivyo bila hadubini, kama angeulizwa. Sisemi hivi kumdharau Samuel, maana kazi yake ni ya subira ileile: chembe moja baada ya nyingine, kigae baada ya kigae, bila kuwa na haraka ya kuamini kile ambacho kila mtu alikuwa amekiamini. Nasema tu kwamba mafundi wawili hawa walikuwa na habari moja, na mmoja wao hakualikwa.

Jambo la mirija ya kunywea pombe linachekesha zaidi. Mwaka 1897 Nikolai Veselovsky alichimba kilima cha kaburi huko Maikop, kaskazini mwa Kaukazi, na kando ya maiti aliyevikwa mapambo ya thamani akakuta mirija minane ya dhahabu na fedha, kila mmoja ukizidi mita moja. Minne ilikuwa na sanamu ndogo ya fahali. Ncha zake zilikuwa na vitundu vya kuchujia. Wasomi wakabishana kwa zaidi ya karne: ni fimbo za enzi, ni nguzo za kibanda cha kumfunika marehemu. Mwaka 2022 Viktor Trifonov na wenzake walichapisha jibu. Ndani ya ncha ya mmoja walipata chembe za wanga wa shayiri. Ilikuwa mirija ya kunywea pombe kutoka chungu kimoja, yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Katika kaburi hilo kulikuwa pia na chungu kikubwa cha lita 32, kwa hiyo wanywaji wanane wangepata lita nne kila mmoja. Mirija hiyo yote ilikuwa imelala makumbushoni St. Petersburg, wakati kuanzia Gusii hadi Bugisu na Teso wazee walikuwa wameketi kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake wenye kichujio nchani.

Mrija wetu, oroseke, hauna dhahabu. Ni shina la mmea lenye uwazi ndani, refu kumfikia mtu aliyeketi hatua moja au mbili kutoka chungu kilipo, na mwishoni hufungwa kikapu kidogo kilichosukwa kwa nyuzi nyembamba. Kikisukwa kwa kulegea, makapi huingia na kuziba. Kikibanwa sana, mnywaji anavuta mpaka mashavu yanauma. Msukaji hana nafasi ya kujaribu katikati ya karamu. Pombe nayo huongezwa maji ya moto chunguni, jambo la busara kwenye nyanda hizi za baridi, kwa hiyo urefu wa mrija unaipooza kidogo kabla haijafika mdomoni. Vitu vyote vimefikiriwa.

Mihuri ya Mesopotamia inaonyesha watu wameketi vivyo hivyo, na kaburi la Malkia Puabi huko Uru, lililochimbwa na Leonard Woolley katika miaka ya 1920, lilikuwa na mirija ya madini ya thamani. Xenophon, askari na mwandishi wa Kiyunani aliyepita vijiji vya Armenia katika majira ya baridi ya mwaka 401 kwenda 400 KK, alikuta kinywaji cha shayiri ambacho nafaka zake zilielea hadi ukingoni mwa chombo, na matete ya kunyonyea yamelazwa ndani. Aliona ni kikali kisipotiwa maji, na kitamu kwa aliyekizoea. Hakuna haja ya kudai kwamba Wagusii walijifunza kutoka Armenia, au Armenia kutoka kwetu. Palipo na nafaka isiyochujwa, na watu wanaotaka kunywa pamoja, tatizo ni lile lile, na mrija ndio jibu.

Ukubwa nao usituzubaishe. Mwaka 2021 Misri ilitangaza kiwanda cha bia cha Abydos, cha zama za Mfalme Narmer, karibu mwaka 3100 KK: sehemu nane, kila moja na vyungu 40 hivi, uwezo wa lita 22,400 kwa mpigo mmoja. Ni ajabu ya utawala. Nikipewa kuchagua ninayemheshimu zaidi, nitamchagua mwanamke wa chungu kimoja. Kiwanda kikiharibu chungu kimoja kina vingine 300. Yeye akiharibu, risaga imekwama: majirani waliokuja kumlimia shamba kwa pamoja, wakitarajia amarwa jioni, wataondoka na kiu, na msimu ujao hawatasahau.

Je, kazi yake huacha alama gani ardhini? Udongo wa hapa una asidi, la sivyo chai isingestawi, na mvua ni nyingi. Mifupa huoza. Mrija na kikapu huoza kwanza kabisa. Vinavyobaki ni mbegu zilizoungua na vigae. Mbegu zina mashahidi wake: katika pango la mwamba la Kakapel, Kaunti ya Busia, watafiti wakiwamo wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya walitia udongo majini, wakaukoroga na kukusanya kilichoelea, karibu kabisa na vile bibi anavyoosha wimbi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: kunde ya miaka 2,300 hivi, na wimbi iliyokuwapo angalau miaka 1,000 iliyopita. Wimbi yenyewe ilianza kulimwa na watu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda. Punje iliyoungua inaonyesha kwamba wimbi ilikuwapo. Kama ililiwa au ilinywewa ni swali jingine.

Swali hilo hujibiwa na chungu. Mwanaakiolojia John Arthur aliishi miongoni mwa Wagamo wa kusini-magharibi mwa Ethiopia, akachunguza vyungu vya nyumba zao vikiwa bado vinatumika. Akaona kwamba vyungu vya pombe huliwa kwa ndani. Asidi ya kinywaji kinachochacha humomonyoa uso wa udongo, ukawa na vidonda na mikwaruzo, ilhali nje hubaki salama. Tena vidonda vilikuwa vingi katika nyumba za wenye mali, waliokuwa na nafaka ya ziada ya kupika pombe. Tangu utafiti wake uchapishwe mwaka 2003, kigae kilichochubuka ndani kimekuwa na maneno ya kusema.

Vyungu vya Gusii havijapata Arthur wao. Vingi vikubwa vilitoka kwa Waluo, wafinyanzi hodari, na Abagusii walitoa nafaka kwa kubadilishana. Kisha likaja sufuria, likaja pipa la plastiki. Wamisionari Waadventista walifika Gusii mwanzoni mwa karne ya 20, na leo ziko nyumba nyingi za Nyamira ambazo hazijanusa amarwa kwa vizazi vitatu. Mahindi yakachukua mashamba ya wimbi. Sheria za leseni zikaitia pombe ya kienyeji kapu moja na chang'aa, ambayo ni kitu kingine kabisa na imeua watu. Sina ugomvi na asiyekunywa. Mtu anaweza kuuheshimu upanga bila kutaka kumkata yeyote.

Ninachoomba ni kidogo. Kama katika boma lenu, Sironga au kokote Gusii, kuna chungu cha bibi kilichogeuzwa kifudifudi nyuma ya jiko, au kinachotumika ghalani kuhifadhia mbegu za maharagwe, tazameni ndani yake. Mkikuta uso umechubuka na ukoga wa kijivu umeshika chini, msisugue, msitie maji, msikiuze kwa mnunuzi wa vitu vya kale. Kifunikeni kwa karatasi safi, mwandike kilikuwa cha nani, alikipata wapi na alikitumia mwaka gani wa mwisho. Kisha wapigieni simu Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Na kama mwenyewe bado yupo, muulizeni leo namna alivyojua kwamba chenga zimepoa vya kutosha, na mwandike jina lake kwanza.